Je, ni kweli ajira hazitoshi kwa sababu tunazaana mno?

Kila ukosefu wa ajira katika nchi zinazoendelea unapotajwa, halikosekani jibu hili: watu wanazaa mno, wapunguze watoto na kazi zitatosha. Sikubaliani nalo, na naomba tulijadili kwa hoja.

Kwanza muda. Mtoto wa mwaka huu atatafuta kazi baada ya miaka 15 hadi 20. Kijana anayezunguka leo na bahasha ya vyeti alishazaliwa; hata uzazi ukisimama kesho, yeye bado anataka kazi. Kumwambia habari za uzazi ni kumkwepa.

Halafu tazameni nchi zenyewe. Afrika Kusini mwanamke huzaa kwa wastani watoto wasiofika 3, lakini wasio na kazi wamepita asilimia 30 ya nguvukazi. Tunisia ilianza uzazi wa mpango miaka ya 1960 chini ya Rais Bourguiba, ikashusha uzazi hadi karibu watoto 2. Mwishoni mwa 2010 vijana wake wakaingia barabarani, kukosa kazi kukiwa miongoni mwa vilio vyao vikubwa, na Januari 2011 Rais Ben Ali akakimbia nchi.

Niger, ambako wastani ni takriban watoto 6, takwimu rasmi huonyesha ukosefu mdogo wa ajira. Hapo tusidanganyike. Kwa kipimo cha kimataifa, ukifanya kazi ya kujipatia kipato hata saa moja tu katika wiki inayopimwa, umehesabiwa kuwa na kazi. Aliyebeba mizigo ya watu asubuhi moja, kisha akashinda bure siku zote zilizobaki, yumo kapu moja na daktari wa kudumu. Maskini hawezi kumudu kukaa bure, atashika chochote. Kwangu mimi kazi isiyolisha ndiyo balaa kubwa zaidi, na haionekani kwenye asilimia hizo.

Kinachoamua ni uchumi unazalisha nini. Kisima cha mafuta kikishachimbwa huendeshwa na watu wachache, ndiyo maana Nigeria na Angola zimeuza mafuta miaka mingi na vijana wao bado wanahangaika. Shati ni jambo jingine: mmoja anakata kitambaa, mwingine anashona kola, mwingine mikono, mwingine vifungo, mwingine anapiga pasi. Bangladesh iliingia huko mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaajiri mamilioni, wengi wao wanawake. Mishahara ni midogo na usalama ulikuwa wa aibu. Jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo, lilipoporomoka 2013 liliua zaidi ya watu 1,100. Hata hivyo, msichana mwenye mshahara wake huchelewa kuolewa na huzaa wachache. Kazi nayo hupunguza uzazi, na hili husahaulika sana.

Sisemi idadi haina uzito. Nchi inayokua kwa asilimia 3 kwa mwaka huongezeka maradufu kwa takriban miaka 23. Madarasa na zahanati nazo lazima ziongezeke maradufu ili hali ibaki ileile tu. Uzazi wa mpango unahitajika, kwanza kwa afya ya mama. Ninachokataa ni serikali kuufanya kisingizio cha kutokuwa na sera ya viwanda na kilimo.

Wanaoamini chanzo ni idadi, tuanzie Tunisia: uzazi ulipungua, sasa kwa nini ajira hazikutosha?