Mnaouguza mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau, mnalala saa ngapi?

BintiWaPangani: Shikamooni wakubwa, wenzangu habari. Mama ana miaka 78, huu mwaka wa tatu tangu daktari atuambie. Kusahau kwenyewe nimekuzoea. Akiniita kwa jina la dada yake marehemu, naitika. Kinachonimaliza ni magharibi. Ikiadhiniwa tu anafunga kanga zake kifurushi, anataka kurudi kwao Pangani, nyumba iliyoanguka mimi sijazaliwa. Nikimzuia, mwizi mimi, nimemwibia herini. Nafunga mlango, ufunguo naulalia. Usiku anaamka mara nne. Nilikuwa nauza vitumbua, sasa karai limeshika kutu. Ndugu zangu watatu wako Dar, wanatuma elfu hamsini na "Mungu akulipe, dada". Jumapili nilimfinya mkono. Nikajifungia chooni nikalia. Ndugu nyinyi mliwaletaje?

Kachero: Pole. Ila wazee wa zamani mbona hawakuwa na mambo haya? Chunguzeni, hapo kuna mkono wa mtu.

BintiWaPangani: Upo. Ni huu wangu unaofua mashuka kila siku.

NesiMstaafu: Kachero, walikuwa nayo, tukisema "karudia utoto". Huku kwetu Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini, wakakuta kama 6 katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi.

Mwanangu, usibishane naye kuhusu Pangani. Muulize kwao kukoje, beba hicho kifurushi, zungukeni nyumba, mrudi mle. Taa washa kabla ya giza, vivuli vinawatisha. Mchana asilale sana. Na akivurugika ghafla ndani ya siku moja mbili, usiseme ugonjwa umepanda: mpeleke akapimwe mkojo. UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mzee huweza kujionyesha kichwani. Ukihisi mkono unataka kufinya, toka uani kwanza, hata dakika tano.

BabaZuu, Mombasa: Mimi niliomba pesa miaka miwili. Mwishowe nikampeleka mzee kwa kakangu, wiki mbili. Usiku wa nne simu, saa nane, ananong'ona: "Kwani huyu halali?" Sasa analipa kijana wa kukesha siku tatu kwa wiki. Lakini kuhama kulimchanganya mzee vibaya, sikushauri. Mwite ndugu yako aje alale hapo kwako. Wewe usimsaidie kitu.

BintiWaPangani: Nimempigia kaka mkubwa, aje Ijumaa. Ameuliza kama chumba kina feni.