Eti kulinganisha kapsuli na saketi ni USHIRIKINA???

SautiKavu (mleta uzi)
Wakuu, video ya yule mwalimu wa kujenga maiki mmeiona. Jina sitaji, anayejua anajua. Ni yule yule wa glavu nyeupe, ambaye glavu huwa zimelala mezani huku yeye anabonyeza kwa kidole gumba kiwambo cha kapsuli, kile kipande cha maiki kinachonasa sauti.

Leo mtu kamuuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, kapsuli ya K67 nikiifunga kwenye saketi isiyoshusha sauti za juu, haitakuwa kali?" Mwalimu akacheka. AKACHEKA. Akasema: "Kapsuli ni kapsuli, hayo mengine ni ushirikina."

Ushirikina! Kwa hiyo waliotoa maiki ya U 67, yenye kapsuli hiyo hiyo, mwaka 1960 walikuwa wanapiga ramli? K67 inapandisha sauti za juu makusudi, na saketi ya maiki ile ndiyo inayozirudisha chini, na kelele zake zinashuka pamoja nazo. Nusu ya kazi iko kwenye kapsuli, nusu iko kwenye saketi. Ukiitoa hapo ukaichomeka kwenye saketi nyoofu, ile ya jefeti moja (transista inayopokea mawimbi ya kapsuli) na transista mbili za kutokea ambayo kila mtu anaijenga, unapata maiki ambayo ukisema "sisi ni sisimizi" popo wanapotea njia.

Geuza sasa: kapsuli ya K47 ndani ya saketi iliyotengenezwa kwa K67. Saketi inashusha kitu ambacho hakikupandishwa. Mwimbaji anasikika kama kajifunika blanketi mbili na godoro juu.

Na mtu anacheka. Ushirikina.

Nanofaradi
Nakazia. Tena dawa yake haihitaji kafara. Kama dreni, mguu mmojawapo wa jefeti, ina rezista ya kiloomu 10, weka kapasita kutoka dreni kwenda graundi. Nanofaradi 1 inaanza kukata sauti za juu karibu na kilohezi 16, nanofaradi 1.5 kwenye 10.6, na 2.2 kwenye 7.2. Anza na 1.5, sikiliza, ndipo ubadilishe. Tumia polistairini au seramiki ya C0G. Zile seramiki za rangi ya udongo zenye thamani kubwa ziache kwenye redio.

KiwamboLegevu
Mleta uzi, povu hilo linatosha kufua mapazia ya ukumbi mzima 😂 Nilidhani unaongelea kapsuli za kikohozi.

SautiKavu
Cheka tu. Yeye naye alicheka.

GetiWazi
Mnapigania sauti za juu wakati watu hawajui hata wameshika kapsuli gani. Lalamikeni kuhusu wauzaji kwanza! Kila duara la milimita 34 linaandikwa K67. Itazameni ubavuni: K67 ina bamba mbili za nyuma ya viwambo, zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, mstari wa maungio unaonekana. K47 ina bamba moja, viwambo vyote viwili vinaitumia. Nyaya zikiwa nne na bamba mbili hazigusani kwa umeme, hiyo ni K87. Na kama waya wa kiwambo umetokea ukingoni badala ya katikati, uko kwenye familia nyingine ya kapsuli, CK12, huko ni ugomvi mwingine.

PikoFaradi60
Hayo yote madogo. Kosa kubwa ni jefeti. Mtu anasikia 2SK170 ina kelele kidogo, anaikimbilia. Geti lake, mguu unaopokea mawimbi ya kapsuli, lina pikofaradi 30 hivi! Kapsuli yenyewe ni 60. Umeshagawa mawimbi: 60 kwa 90, desibeli 3.5 zimeliwa kabla kazi haijaanza. Jefeti ya J305 geti lake halifiki hata 5.

SosiFuata
Acha ujuaji mkuu. Hesabu yako ni ya geti lililokaa peke yake. Saketi ikiwa ya kutolea kwenye sosi, mguu wa tatu wa jefeti, sosi inalifuata geti, na sehemu kubwa ya hizo 30 haihesabiki. Ukitolea kwenye dreni ndipo unaumia, tena kuliko ulivyosema, maana zile pikofaradi 6 za kati ya geti na dreni zinakuzwa na ukuzaji wa saketi.

PikoFaradi60
Kwa hiyo nimesema uongo?

SosiFuata
Umesema nusu. Kama yule wa glavu.

PikoFaradi60
Hilo ni tusi.

SautiKavu
Turudi kwenye mada. Alisema USHIRIKINA, tena kwa mgeni aliyeuliza vizuri.

Mchanga_Jr
Samahani wakubwa. Kapsuli inataka volti 60, mita yangu inaonyesha 0.6 tu. Saketi imekufa?

GetiWazi
Haijafa mdogo wangu. Umepima baada ya rezista ya gigaomu 1. Mita yako ina megaomu 10, kwa hiyo inaona karibu asilimia moja tu ya volti. Rudi nyuma, pima kwenye kapasita ya kuchuja kabla ya gigaomu. Ukikuta 30 badala ya 60, umepoteza desibeli 6 na kelele imepata nafasi. Usizidishe nazo: volti zikizidi kiwambo kinanata kwenye bamba, mtu akitamka "pa" maiki inapiga "dup!" halafu inanyamaza.

Nanofaradi
Na kama kapsuli yako ni elektreti, yaani yenye chaji yake ya kudumu, hizo volti haizitaki. Kinyume chake, kapsuli ya kuchajiwa ukiifunga kwenye saketi ya elektreti utasikia kelele tu na sauti ya mbali kwa mbali. Hapo pia kapsuli ni kapsuli? 🙄

Mchanga_Jr
Asante mkuu, 58 ipo. Ila inatoa mlio kama mafuta ya kukaangia.

KiwamboLegevu
Flaksi hiyo, ile dawa ya kulehemu, na vidole. Ile rezista ya gigaomu ukiishika mwilini kwa jasho si gigaomu tena. Ioshe. Miguu ya geti, rezista na waya wa kapsuli vikutane hewani juu ya kijiti cha tefloni, visiguse bodi.

SosiFuata
Aoshe na spiriti safi ya asilimia 99, siyo ya 70.

PikoFaradi60
70 inatosha akikausha vizuri.

SosiFuata
Asilimia 30 ni maji, mkuu! Unaosha gigaomu kwa maji?

PikoFaradi60
Maji yanakauka. Kinachobaki ni flaksi iliyoyeyuka ikasambaa, na hiyo hata ya 99 inaiacha kama huisuuzi mara ya pili.

KiwamboLegevu
Hapo kwenye kusuuza naungana na Piko. Brashi laini, spiriti mpya kila mara. Kapsuli iwe mbali kabisa, tone moja likifika kwenye kiwambo umekwisha.

SautiKavu
Jamani. USHIRIKINA. Alisema mbele ya watu.

SosiFuata
Subiri kidogo mkuu, tumalize kwanza hili la spiriti. Piko, unasuuza mara ngapi?