MJADALA: Aliyebatizwa kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, abatizwe tena kwa jina la Yesu?

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Naomba tulijadili jambo hili waziwazi, Biblia mkononi na bila matusi, maana hapa Mombasa limeanza kugawa nyumba za watu. Binti wa jirani zetu Mikindani alibatizwa katika kanisa la wazazi wake kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Mwaka huu ameanza kusali kwingine, na huko ameambiwa ule haukuwa ubatizo. Ashuke majini upya, safari hii kwa jina la Yesu peke yake, la sivyo dhambi zake ziko palepale. Mama mtu analia, baba hataki hata kusikia kanisa hilo likitajwa mezani. Swali lililo chini ya ugomvi huo ni kubwa kuliko maji: Mungu wetu ni mmoja katika nafsi tatu, au ni nafsi moja iliyojidhihirisha kwanza kama Baba, kisha kama Mwana, na sasa kama Roho?

Msimamo wangu nautoa mapema. Naamini Utatu, na naamini binti yule hana haja ya kubatizwa tena. Ila sikubali tuwaite ndugu wa Jina la Yesu, yaani hao wanaobatiza kwa jina la Yesu peke yake, wapotovu halafu tufunge Biblia, kwa sababu hoja zao zina uzito.

Chukua Matendo ya Mitume. Siku ya Pentekoste Petro anasema, "Tubuni mkabatizwe kila mmoja kwa jina lake Yesu Kristo" (2:38). Wasamaria (8:16), nyumba ya Kornelio (10:48), wanafunzi wa Efeso (19:5), wote ni jina la Yesu. Hakuna mahali katika kitabu kizima ambapo mtume anaonekana akitamka Baba, Mwana na Roho juu ya mtu aliye majini. Hapo ndipo wanaposema: Mathayo 28:19 imeandikwa "kwa jina", si "kwa majina", Baba ni cheo, Mwana ni cheo, Roho Mtakatifu ni cheo, na jina lenyewe ni Yesu. Wakiongezea Isaya 9:6, ambako mtoto aliyezaliwa anaitwa Baba wa milele, na Wakolosai 2:9, kwamba katika Kristo unakaa utimilifu wote wa Uungu, Mkristo aliyekariri Imani ya Mitume tangu utotoni bila kufafanuliwa anabaki kimya.

Na kimya hicho tumejitakia. Walimu wetu wengi wa shule ya Jumapili wanaueleza Utatu kwa mfano wa maji: yakiganda ni barafu, yakichemka ni mvuke, na bado ni maji. Jamani, hayo ndiyo mafundisho ya Sabellius, aliyepingwa Roma katika karne ya tatu: Mungu yuleyule akibadilisha sura. Tunawafundisha watoto fundisho la wale tunaosema wamekosea, kisha tunashangaa wakikua wanahamia kwao.

Kuna wanaodai Utatu ulibuniwa na Kaisari Konstantino wa Roma kwenye mkutano wa maaskofu pale Nikea mwaka 325. Hilo si kweli. Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo, Mwafrika wa nchi tunayoiita leo Tunisia, aliandika kumpinga Praxeas zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea, na Praxeas alikuwa akifundisha kwamba Baba mwenyewe ndiye aliyezaliwa na kuteswa. Ugomvi huu ni wa zamani. Ulipoibuka tena ulianzia ndani ya Wapentekoste wenyewe: mahubiri ya ubatizo katika mkutano wa kambi karibu na Los Angeles mwaka 1913, kisha wahubiri Frank Ewart na Glenn Cook wakabatizana upya kwa jina la Yesu mwaka 1914, na mwaka 1916 kanisa la Assemblies of God lilipoandika kwamba linashika Utatu, wahubiri zaidi ya 150 wakaondoka. Uchanga wa kundi haumaanishi limekosea. Ila ndugu asiniambie kwamba anayofundisha hayakuwahi kupimwa na Kanisa.

Sasa nije kwenye kinachonizuia mimi kuwafuata. Ni Yohana 17. Yesu anamwambia Baba amtukuze kwa utukufu aliokuwa nao pamoja naye kabla ya ulimwengu kuwako. Najua jibu lenu, na ni jibu la watu waliosoma: utukufu ule ulikuwa katika mpango wa Mungu, kama Petro anavyosema kwamba Kristo alijulikana kabla ya misingi ya dunia kuwekwa (1 Petro 1:20). Haya, tuseme aya ya 5 ni mpango. Shukeni hadi aya ya 24: "kwa maana ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu." Hapo kuna anayependa na kuna anayependwa, kabla ya Bethlehemu, kabla ya mwili wowote wa kibinadamu. Mkisema aliyeomba ni ubinadamu wake ukiomba Uungu wake, basi niambieni ubinadamu huo ulipendwaje kabla haujakuwako. Kama hakuna Mwana wa milele, upendo wa Mungu ulingoja kuwe na viumbe ndipo upate wa kumpenda. Mimi siwezi kuliamini hilo.

Kuhusu maneno ya kutamka majini, ushahidi unaonituliza ni Didake, mafundisho ya Kikristo ya kale sana nje ya Agano Jipya. Sura ya 7 inaagiza kubatiza kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Sura ya 9, katika kitabu kilekile, inawataja waumini kuwa ni waliobatizwa kwa jina la Bwana. Mwandishi hakuona mgongano wowote. Kubatizwa kwa jina la Yesu kulikuwa kuingizwa katika milki yake na mamlaka yake, na ndivyo ninavyosoma Matendo.

Tunaishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, kuanzia Majengo hadi Likoni, na kila aliyewahi kusimama kwenye mhadhara analijua swali: mnaabudu miungu mingapi? Ndugu wa Jina la Yesu hunena kwa fahari kwamba swali hilo haliwagusi. Nawaomba wafungue Kurani, Suratul Maida. Aya ya 73 inawakataa wanaosema Mungu ni wa tatu katika watatu. Lakini aya iliyotangulia, ya 72, inawakataa wanaosema Mungu ndiye Masihi mwana wa Mariamu, na hilo ndilo mnalolihubiri ninyi kwa nguvu kuliko sisi. Shehe hatawapongeza. Atawauliza, kama anavyotuuliza sisi, Yesu alimwomba nani Gethsemane, na ninyi hamtaweza kusema kwa urahisi kwamba Mwana alimwomba Baba yake. Fundisho kuhusu Mungu lisichaguliwe kwa kutafuta amani ya kibarazani. Lichaguliwe kwa sababu Maandiko yanalidai.

Basi nawaachia uwanja. Ndugu wa Jina la Yesu, nijibuni aya ile ya 24. Na mniambie pia kuhusu waliotutangulia hapahapa Pwani. Wakristo wa kwanza wa Rabai, ambako mmisionari Krapf alianza kazi mwaka 1846, na watumwa walioachiliwa huru wakakaa Frere Town, pale Kengeleni, kuanzia mwaka 1875, walibatizwa kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Walikufa katika dhambi zao? Kama jibu ni ndiyo, semeni wazi ili wajukuu zao walio miongoni mwetu wasikie. Kama jibu ni hapana, binti wa Mikindani anatishwa kwa nini?

Nanyi wenzangu wa Utatu, msikae mkishangilia. Makanisa mengi ya kwetu humbatiza upya aliyebatizwa kwa jina la Yesu peke yake. Wachungaji wetu wanafanya hivyo kwa andiko gani? Na ni lini mara ya mwisho kanisani kwenu Utatu ulifundishwa kutoka Yohana 14 hadi 17, aya kwa aya, mbele ya vijana wanaouliza?