Kuishi ukanda wa gharama kubwa: kunalipa au tunadanganyana?

Mizigo_Mlangoni
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi naomba tulijadili bila matusi. Nimepata kazi mpya, yani kazi ile ile ninayofanya sasa, ila iko kwenye ule ukanda ambao mtu akiutaja anaanza na kodi ya nyumba ndio anamalizia na salamu. Nimekaa na karatasi. Mshahara wa sasa tuuite 100, kodi inakula 20, nabaki na 80. Huko watanipa 160, nyumba inayofanana na hii yangu inakula 75, nabaki na 85. Kwa hiyo nang'oa mke, watoto wawili na kabati la marehemu mama ambalo halipiti mlango wowote bila kufunguliwa misumari, kwa ajili ya 5. Na hiyo 5 bado sijanunua hata kiberiti. Nina miaka 41, nimepanga maisha yangu yote, sina nyumba sina kiwanja. Kuna mtu humu alihamia sehemu ya gharama na baadaye akasema imelipa?

Kalamu Nyekundu
Hesabu yako ni sahihi ila umeiacha njiani. Sio kila kitu kinapanda kwa sababu kodi imepanda. Simu, laptopu, tiketi ya ndege, deni ulilokopa, hivyo havijui unalala wapi. Mchango wa pensheni kama unakatwa kwa asilimia utakatwa kwenye 160, na nyongeza ya mwakani itapigwa kwenye 160. Kinachopanda kwelikweli ni vile visivyosafirishika, nyumba yenyewe, kinyozi, yaya, fundi bomba, maana nao wanalipa kodi hiyo hiyo na lazima waitoe kwako. Kwa hiyo andika matumizi yako mafungu mawili, yanayofuata mtaa na yasiyofuata. Kama la pili ndio kubwa, nenda. Kama la kwanza ndio kubwa, hiyo 5 ishakufa kabla hujafungua mabegi.

Nungunungu
Visivyosafirishika 😂 Mkuu mimi nilihamia na karatasi nzuri kuliko hiyo. Karatasi haikuniambia kwamba ukitaka kufungua friji aliyekaa mezani lazima asimame. Miaka mitatu tulikula kwa zamu kama askari wa lindo. Mgeni akija mmoja wetu anasimama kwenye korido anajifanya anaongea na simu.

Shangazi Mkali
Mwanangu, wewe unaangalia siku ukiwa kazini. Angalia siku ukiachishwa. Huko ni ghali kwa sababu waajiri wamerundikana pamoja na watu wote wanawakimbilia, kwa hiyo ukitemwa Jumatatu kuna mlango mwingine wa kugonga ng'ambo ya barabara. Kwenye mji wa mwajiri mmoja ukitemwa umehama tayari, unachosubiri ni lori tu. Hiyo tofauti ya kodi sehemu yake ni bima, na bima hulipiwa hata mwaka usiougua.

Mume wangu alipoanza kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, tulikuwa tunasafiri saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Jumlisha mwenyewe, saa kumi na mbili kila wiki barabarani na mtu ambaye akishuka kwenye gari anatapika. Tukahamia karibu na hospitali, kodi ikawa mara mbili. Sijawahi kuilalamikia ile kodi hata mwezi mmoja.

Nyumba Yangu
Kila mtu anazunguka mbuyu. Nakubaliana na Shangazi, nenda. Ila pia tuambiane ukweli, mtu una miaka 41 bado unapanga, hapo tatizo sio ukanda wala mshahara. Ungejibana ukajenga ukiwa na 28 kama wenzako leo usingekuwa unakesha na karatasi kutafuta 5.

Nungunungu
Hii ya 41 imeingiaje jamani, mtu kauliza ahame asihame

Baba Pacha
Hapana iacheni, mimi naingia hapo hapo. Mimi nina 46 na napanga na sioni haya. Nyumba Yangu nakuuliza, Uswisi zaidi ya nusu ya watu wamepanga, na ndio hao hao kila siku mnatutolea mfano wa utajiri. Ujerumani nusu na ushee. Vienna manispaa yenyewe ndio mwenye nyumba, wana jengo moja linaitwa Karl-Marx-Hof lilizinduliwa 1930, lina urefu wa zaidi ya kilomita moja, watu wanazaliwa humo wanaoa humo wanazeeka humo, wapangaji. Hao wote nao walizubaa wakiwa na 28?

Nyumba Yangu
Wewe uko Vienna?

Baba Pacha
Jibu hoja.

Nyumba Yangu
Nimeshaijibu. Mpangaji wa Vienna akipata mkataba ameupata, hakuna wa kumtoa kwa kuamka vibaya. Wewe mwenye nyumba wako akitaka kumuweka mpwa wake unabeba pacha na magodoro. Usichukue kupanga kwa watu ukakuita kupanga kwako. Tukienda kwa mifano basi twende Singapore, sehemu ghali kama zilivyo ghali, na bado karibu asilimia 80 ya wakazi wako kwenye nyumba zilizojengwa na serikali na wengi wao WAMENUNUA. Hawajapanga.

Kalamu Nyekundu
Wamenunua miaka 99. Zile ni hati za muda, muda ukiisha nyumba inarudi ilikotoka. Ukipenda waite wapangaji waliolipa kodi ya karne kwa mkupuo.

Nyumba Yangu
Miaka 99 mimi nitakuwa nimeshaoza, inanihusu nini

Shangazi Mkali
Na wanao je?

Nyumba Yangu
Shangazi nawe usianze.

Kalamu Nyekundu
Ila hapo hapo kuna jambo. Mleta mada anauliza kama gharama inalipa, hatujauliza gharama yenyewe inatengenezwa na nani. California mwaka 1978 walipiga kura kodi ya mali isizidi asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na makadirio yasipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mkono. Matokeo yake mtu aliyenunua zamani analipa kijisehemu cha anacholipa jirani aliyenunua juzi nyumba pacha na ya kwake. Atauza ili iweje? Anakaa. Na jioni ndio huyo huyo yuko mstari wa mbele kwenye kikao cha mtaa anapinga ghorofa lisijengwe, litamzibia jua. Kazi zinaongezeka, nyumba haziongezeki, hiyo 75 ya Mizigo inazaliwa hapo.

Nyumba Yangu
Kwa hiyo leo mimi ndio nimempandishia kodi mleta mada? Nimefyatua matofali mwenyewe Jumamosi kwa Jumamosi, nimekaa bila bati mwaka mzima, leo naambiwa mimi ndio tatizo la dunia. Mna wivu tu.

Nungunungu
Hakuna aliyekutaja mkuu, umejitaja mwenyewe. Una nyumba ngapi kwani?

Nyumba Yangu
Tatu. Na sioni aibu.

Nungunungu
Hongera. Mbili umepangisha?

Nyumba Yangu
Ndio

Nungunungu
Wapangaji wako wana umri gani 😂😂

Baba Pacha
Hahaha jibu hilo. Jibu hilo hilo.

Nyumba Yangu
Mmoja mwalimu mstaafu. Mnacheka nini?

Baba Pacha
Mgongee leo usiku umwambie alizubaa akiwa na 28. Kisha umdai kodi.

Msomaji wa Kimya
Nasoma tangu mwanzo nikajua nitanyamaza lakini mmesahau watoto. Kuna jaribio Marekani lilianza 1994, familia maskini kwenye miji mitano, Boston, Chicago na mingineyo, walipigiwa bahati nasibu ya vocha za kusaidiwa kodi ya nyumba ili wahamie mitaa yenye umaskini mdogo. Miaka ya baadaye mchumi Raj Chetty na wenzake wa Harvard wakawafuatilia wale watoto wakiwa watu wazima, waliohama wanapata kipato kikubwa kwa asilimia 31. Kwa hiyo Mizigo hiyo 5 yako sio yako, ni ya watoto. Nenda.

Kalamu Nyekundu
Asilimia 31 ni wale waliohama wakiwa chini ya miaka 13. Waliohamishwa wakubwa zaidi hawakufaidika, kama kuna kitu basi walitetereka kidogo, maana kuhama kwenyewe kunamkata mtoto marafiki na shule. Halafu wale walihama mtaa tu, hawakuhama ukanda. Mtaa mzuri upo hata kwenye sehemu za bei nafuu, na huko kwenye gharama mara nyingi mtu anamudu mtaa mbaya.

Mizigo_Mlangoni
Wangu mmoja ana 9 mwingine 14. Yani mmoja namjenga mwingine namvunja?

Shangazi Mkali
Huvunji mtu, usiwe na pupa. Huyo wa 14 muulize mwenyewe. Ana mdomo.

Nungunungu
Kwani lazima akae katikati? Akae pembeni ya huo ukanda kodi iwe 40, awe anaingia asubuhi anatoka jioni. Si ndio watu wanafanya.

Baba Pacha
Nungunungu nakupenda ila hapo nyamaza. Mimi ndio nafanya hiyo. Kuna mwanafizikia Mwitaliano, Marchetti, aliandika 1994 kwamba binadamu tangu enzi za kutembea kwa miguu mpaka za gari huwa anatumia kama saa moja kwa siku kwenda na kurudi, chombo kikiwa na kasi anachofanya ni kuhamia mbali zaidi. Mimi natumia nne. Usiku navua viatu kwenye ngazi ya kwanza nisiwaamshe, naijua ngazi inayolia, ni ya sita, nairuka. Asubuhi natoka hawajaamka. Jumamosi moja nimekaa sebuleni naangalia mpira, pacha mmoja akamwendea mama yake jikoni, nikamsikia anauliza, "huyu leo haendi kwao?"

Kwa hiyo hiyo tofauti ya 75 na 40 naijua ilipo. Iko hapo.

Nyumba Yangu
Pole ndugu. Hiyo imenigusa, nasema kweli. Lakini si ndio nilichosema, ungekuwa na kwako karibu

Baba Pacha
KARIBU NA WAPI? Kiwanja nilichoweza kununua kipo saa tatu kutoka kazini. Kwenye 28 na kwenye 46. Mkimaliza kujenga mnadhani na ajira inawafuata huko mlipojenga.

Msomaji wa Kimya
Wanaofanyia kazi nyumbani inawafuata lakini

Kalamu Nyekundu
Baadhi. Na kuna waajiri wakishajua umehamia pa bei nafuu wanakupunguzia mshahara kulingana na unapoishi. Mizigo muulize mwajiri hilo kabla ya kusaini, 160 ni ya kazi au ni ya anwani. Ikiwa ni ya kazi, na wanakuruhusu siku mbili tu ofisini, basi hata pendekezo la Nungunungu linapumua. Na gharama za kuhama nani analipa, hilo nalo liwe kwenye barua, sio kwenye simu.

Mizigo_Mlangoni
Asante. Hilo la anwani sikulifikiria kabisa. Siku za ofisini walisema nne.

Shangazi Mkali
Mwanangu mimi nimerudi juu nikaisoma tena karatasi yako. Mkeo anafanya kazi?

Mizigo_Mlangoni
Anafanya. Ana duka la kushona, wateja wake ni wa hapa hapa mtaani, wanamjua tangu hajaolewa.

Shangazi Mkali
Anaingiza ngapi kwenye hesabu yako ya mia?

Mizigo_Mlangoni
Kama 35. Miezi ya harusi inafika 50.

Shangazi Mkali
Hiyo 35 iko mstari wa ngapi?

Nungunungu
Eeh.

Kalamu Nyekundu
Nilikagua karatasi yote nikasema hesabu sahihi. Nafuta kauli. Leo nyumbani kwenu mnabaki na 115, huko mnabaki na 85 mpaka mama apate wateja wapya, na cherehani huko nayo inataka fremu ya kodi ya huko huko.

Mizigo_Mlangoni
Sikuiandika kwa sababu haiingii benki. Anaweka kwenye kopo la maziwa. Lakini ada za watoto zote zinatoka kwenye lile kopo, sasa hivi ndio naliona.

Msomaji wa Kimya
Kwa hiyo asiende?

Shangazi Mkali
Sijasema asiende. Nimesema karatasi iandikwe na watu wawili, na huyo wa 14 awepo. Inawezekana mama akasema twende, mafundi wazuri wanatafutwa kila mahali na huko kushona kanzu moja wanalipwa ya tatu. Kisichosafirishika hicho, alivyosema Kalamu, kinapanda na kwa upande wa anayekiuza. Lakini aseme yeye.

Mizigo_Mlangoni
Natakiwa kujibu Ijumaa. Naenda kuongea naye sasa hivi kabla hajalala.

Baba Pacha
Kila la heri kaka. Na usimwambie kuna mtu humu kasema umechelewa kujenga, atakuongezea kesi.

Nyumba Yangu
Nilisema kwa nia njema. Na huyo mwalimu mnayemchekea mwaka wa nne huu sijampandishia kodi hata shilingi, andikeni na hilo, sio kusema wenye nyumba wenye nyumba.

Nungunungu
Kwa nini hujampandishia

Nyumba Yangu
Alinifundisha darasa la tano.