Tunachanga kuwalipa walimu wa shule ya serikali, halmashauri inaandika kwamba hatuna upungufu

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mweka hazina wa umoja wa wazazi na wazawa wa kata moja ya wakulima wa korosho huku Kusini, umoja uliosajiliwa kihalali na usiogawana faida, ambao kwa zaidi ya miaka minne sasa umekuwa na kazi moja tu: kuchanga fedha za kuwalipa walimu wa sekondari yetu ya kata, ambayo ni shule ya serikali. Naandika nikiwa na hasira, na sitajifanya kuwa sina.

Muhula ulipoanza Januari 2022, mwalimu pekee wa Hisabati alikuwa amehamia mkoa mwingine kumfuata mwenzi wake, na wa Fizikia alikuwa amestaafu bila kuletwa wa kushika nafasi yake. Tukawachukua vijana watatu wenye shahada za ualimu waliokuwa wakisubiri ajira nyumbani kwao, wa Hisabati, wa Fizikia na wa Kemia, kwa posho ya Sh 150,000 kila mmoja kwa mwezi. Mwenye shahada hiyohiyo akiajiriwa na serikali huanza na zaidi ya laki saba, kwa hiyo hakuna aliyejidanganya kwamba tunawalipa wanachostahili.

Jumla ni Sh 5,400,000 kwa mwaka. Katika hizo, Sh 3,600,000 zinatokana na makato ya Sh 20 kwa kila kilo ya korosho, yaliyopitishwa na mkutano mkuu wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha ushirika cha wakulima, na zilizobaki wanatuma kwa simu wazawa walioko Dar es Salaam na kwingineko. Minada ya korosho inapoanza Oktoba mfuko unapumua, lakini ikifika Machi ni mimi ninayewapigia watu simu usiku, mmoja baada ya mwingine, nikiomba kwa sauti ya mtu anayedaiwa. Mei mwaka jana tulimlipa mwalimu mmoja nusu ya posho yake kwa fedha taslimu na nusu kwa mahindi. Aliyapokea kwa heshima na kutushukuru, na afadhali angenitukana.

Naomba mtazame hesabu hii. Kabla ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016, ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka. Mkulima wa kawaida hapa, akiuza kilo 1,200 za korosho, anakatwa Sh 24,000 kwa ajili ya walimu. Maana yake ni kwamba mzazi aliyeambiwa kuwa elimu ni bure analipa zaidi ya ada iliyofutwa, na anayekatwa pamoja naye ni bibi asiye na mjukuu hata mmoja shuleni. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, na tangu hapo kila mchango unaitwa wa hiari. Wa kwetu ni wa hiari kweli, kwa sababu tumegoma kabisa kumrudisha nyumbani mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga, ingawa wapo wajumbe wa kamati yetu waliotaka hivyo na ambao hadi leo hawanisalimii vizuri. Lakini hiari gani hii, ikiwa usipochanga mwanao anakaa kidato cha pili mwaka mzima bila kumwona mwalimu wa Hisabati?

Hayo yote tuliyavumilia, kwa kuwa tuliamini tunaziba pengo kwa muda huku serikali ikijipanga. Kilichonifanya niandike ni jambo nililoligundua Februari mwaka huu, nilipoitwa shuleni kusaidia kukamilisha taarifa ya walimu inayopelekwa halmashauri. Katika safu ya walimu waliopo wa masomo ya sayansi na Hisabati, vijana wetu watatu walikuwa wameandikwa pamoja na walimu walioajiriwa, bila alama yoyote ya kuwatofautisha, na safu ya upungufu ilikuwa na sifuri. Nilipomuuliza mkuu wa shule, ambaye simlaumu kwa sababu naye anatekeleza maelekezo, alinionyesha nakala za miaka iliyopita: zote ziliandikwa hivyohivyo. Kwa miaka minne, kwenye makaratasi ya halmashauri, shule yetu haijawahi kuhitaji mwalimu wa Hisabati.

Sasa ndipo nilipoelewa yaliyokuwa yakitushangaza. Serikali ilitangaza nafasi 9,800 za walimu mwaka 2022 na nyingine 13,130 mwaka 2023, na katika awamu zote mbili tuliandika barua, tukasubiri, wala hatukuletewa hata mmoja. Tulidhani tumesahaulika, kumbe tulikumbukwa vizuri kabisa, kama shule isiyo na shida. Kila shilingi ishirini iliyokatwa kwenye kilo ya korosho ya mtu wetu ilikuwa inatumika kuthibitisha kwamba serikali haina sababu ya kutuletea mwalimu.

Na hawakuishia hapo. Machi mwaka huu mwalimu wa Biolojia, mwajiriwa wa serikali na pekee aliyekuwa amebaki katika sayansi, alipewa barua ya uhamisho. Wajumbe watatu tulikwenda ofisini kuuliza, tukajibiwa na afisa aliyekuwa ametulia kama anatupongeza: ninyi mnajiweza, mna wadau, tuacheni tuwasaidie wasiojiweza. Ningelimeza jibu hilo kama lingekuwa la kweli. Kata tunayopakana nayo upande wa magharibi haina korosho za kutosha wala vijana wenye kazi Dar es Salaam, na sekondari yao haina mwalimu wa Hisabati kwa mwaka wa pili huu, hadi baadhi ya wazazi wao wameanza kuwahamishia watoto kwetu. Kama mwalimu wetu angepelekwa huko, ningesaini barua mwenyewe. Amepelekwa shule iliyo kando ya lami, dakika kumi kutoka mjini, ambayo tayari ilikuwa na walimu wawili wa Biolojia.

Wazee wetu wananikumbusha makubaliano ya tangu shule za kata zilipoanza kujengwa kwa kasi, katikati ya miaka ya 2000: wananchi wapandishe boma, serikali iezeke na ilete walimu. Sisi tulisomba mchanga, tukafyatua matofali, akina mama wakabeba maji kichwani. Sehemu yetu ilikwisha zamani. Baadaye zilikuja hata fedha za UVIKO-19, zilizojenga madarasa 15,000 nchini, na shule yetu ikapata mawili mazuri yenye vigae, ambayo tunayashukuru kwa dhati. Ila darasa huzinduliwa, hupigwa picha na huwekwa kibao, na mwalimu hana pa kubandikwa kibao. Sijawahi kusikia Mwenge wa Uhuru umekimbizwa hadi kijijini kuzindua mwalimu wa Fizikia.

Vijana wenyewe ndio wanaoumia kuliko sisi. Huyu wa Hisabati anafundisha vipindi 34 kwa wiki kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, anaishi katika chumba alichopewa bure na mzee wa kijiji, hana bima ya afya, wala sisi hatuna uwezo wa kumchangia katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Akiugua, tunachanga tena. Kila ajira zinapotangazwa anaomba, na kila akikosa anarudi darasani Jumatatu kama kawaida. Wa Fizikia alishindwa kuvumilia. Aprili aliondoka kwenda shule binafsi inayomlipa Sh 400,000, na siwezi kumsema vibaya. Nilichobaki nikijiuliza ni kama jina lake limefutwa kwenye safu ya waliopo au bado anahesabiwa, akifundisha watoto wetu kwenye karatasi.

Tumeandika barua mbili tukiomba mambo ambayo hayahitaji bajeti hata ya shilingi moja: kwamba walimu wanaolipwa na wananchi waandikwe katika safu yao ya peke yao, na kwamba safu ya upungufu ihesabu walioajiriwa na serikali tu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja, kwamba suala letu limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Jumapili hii tuna mkutano, na ajenda ni moja: tuache kuwalipa hawa wawili waliobaki ili pengo lionekane, au tuendelee. Wapo wanaosema kwa ukali kwamba tukiacha ndipo serikali itakapoamka. Lakini kidato cha nne cha mwaka huu ndicho cha watoto walioingia darasa la kwanza Januari 2016, wale wa kwanza kabisa wa elimu bila malipo, na kwetu wako 71. Mtihani wao wa taifa ni Novemba. Nani atasimama mbele yao awaambie kwamba tumemwondoa mwalimu wao wa Hisabati ili fomu ijazwe sawasawa?

Mfuko una Sh 312,000, na posho za mwezi huu ni Sh 300,000. Kwa wale mnaofanya kazi katika idara za elimu za halmashauri nyingine, naomba mniambie hapa hapa: kwenu mwalimu anayelipwa na wananchi anaandikwa safu gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kuagiza taarifa ya miaka minne isahihishwe? Jibu nitalisoma kwenye mkutano wa Jumapili.