Yule bwana wa kaunta ya maktaba ATANITAMBUA

Niko kwenye matatu ya Kisauni, mikono bado yanitetemeka. Yule bwana wa maktaba mnamjua, msinifanye nimtaje. Yule wa miwani kwenye paji na kikombe cha chai kisichokwisha.

N'na kazi ya chuo kuhusu ubaguzi wa rangi katika matibabu huko Marekani. Nikamwendea kwa adabu, shikamoo zote, nikamwambia PubMed, ile databesi ya makala za utabibu, yaniletea sifuri. Yakhe! Akaigeuza skrini, akashusha miwani, AKASOMA KWA SAUTI nilichoandika: "Kwa nini madaktari wa Marekani hawawasikilizi wajawazito weusi hata awe Serena Williams." Mbele ya foleni nzima. Feri ya Likoni ilisimama kusikiliza. Kisha ati, "Mwanangu, hii si barua ya mchumba."

Wanawake weusi kule wafa kwa uzazi takriban mara 3 kuliko weupe. Serena mwenyewe, yule bingwa wa tenisi, 2017, alijifungua akabaki kung'ang'ania apimwe mapafu, na kweli wakakuta damu imeganda. Mtu anacheka! Tena aliisoma mara ya pili, kwa sababu mzee wa magazeti kule nyuma hakusikia.

MTOTO WA MJI: Ngoja. Umeandika Kiswahili kwenye PubMed? 😂😂

MWENYE UZI: Kiswahili kina najisi gani?

MKUNGA MSTAAFU: Mwanangu, ile haijibu maswali. Ikatekate mada: "Maternal Mortality" AND "Healthcare Disparities" AND "United States". AND iwe herufi kubwa. Ukipata makala moja nzuri, shuka chini uone maneno ya MeSH, yaani lebo za mada, waliyoipangia, utafute kwa hayo.

MWENYE UZI: Ahsante mama. Lakini aliisoma KWA SAUTI.

KAKA TUDOR: Afadhali wewe umesomewa bure. Mimi muhtasari naupata, nikibofya makala yenyewe nadaiwa dola.

MKUNGA MSTAAFU: Weka kichujio cha "Free full text", baba.

KAKA TUDOR: Nikiweka, zabaki makala nne na zote za panya.

BINTI BAMBURI: Mimi nilipewa ule utafiti wa Tuskegee, huko huko Marekani. Wanaume weusi 399 wenye kaswende, 1932 mpaka 1972 waangaliwa tu bila kutibiwa, na penisilini ishajulikana ndiyo dawa yake. Nikalia pale pale mezani. Bwana huyo huyo akanitoa nje, ati napiga kelele!

MTOTO WA MJI: Kumbe kelele ni za wateja tu 😂

MZEE WA MAGAZETI: Kulia si kitu. Nani alikula viazi karai meza ya dirishani? Gazeti la Jumamosi lote ukwaju.

MWENYE UZI: Mzee, ndiye wewe hukusikia mara ya kwanza?

MZEE WA MAGAZETI: Nauliza ukwaju.

KAKA TUDOR: Si mimi. Mimi nilikula bhajia.

BINTI BAMBURI: Bhajia za pale langoni? Zile zimekuwa ndogo siku hizi, mwaona?

MTOTO WA MJI: Ndogo na mafuta ya juzi. Fungueni uzi wake.