Bwalo, maktaba au bweni: kazi ipi inabebeka pamoja na krediti 15?

MtotoWaPangani
Habari zenu, wakubwa na wenzangu. Niko mwaka wa kwanza wa uhandisi katika chuo kimoja cha Ohio, Marekani, kwa viza ya F-1, yaani ya wanafunzi wa kigeni, na muhula ujao nimejiandikisha krediti 15, zikiwamo za kalkulasi na za kemia yenye maabara inayomalizika Alhamisi saa 12 jioni. Ufadhili wangu unalipa ada na chumba, lakini chakula, vitabu na nguo za baridi ni juu yangu, na nyumbani nimekwisha kuapa kwamba sitaomba tena. Nina nafasi mbili mkononi: bwalo la chakula, saa 18 kwa juma kwa dola 14 kila saa, na dawati la maktaba, saa 10 kwa juma kwa dola 12. Ya tatu, yaani usimamizi wa bweni, inaombwa Februari kwa ajili ya mwaka wa pili. Kwa hesabu ya kawaida bwalo linaleta dola 252 kwa juma na maktaba 120, kabla ya makato, na kwa tofauti hiyo sioni sababu ya kulikataa bwalo. Naomba waliozifanya kazi hizi wanioneshe nisichokiona.

BintiSahani
Mdogo wangu, usichokiona ni kwamba saa 18 za bwalo si 18. Nimeosha vyombo mihula mitatu. Zamu yangu ilianza saa 11.30 alfajiri, kwa hiyo niliamka saa 10.45, nikakanyaga barafu hadi bwaloni, na nilipotoka saa 3.30 ilinilazimu kurudi chumbani kuoga, kwa kuwa harufu ya mafuta ya kukaangia huganda kwenye nywele na hakuna atakayetamani kukaa karibu nawe darasani. Mashine ya kuoshea hutoa mvuke kama sufuria ya pilau iliyofunuliwa ghafla, nami mvaa miwani nilikuwa nikipanga sahani kwa kupapasa. Ukijumlisha kutembea, kubadili nguo na kuoga, zamu ya saa 4 ilinila saa 5 na nusu, na kwa zamu kama hizo saa zako 18 zitakaribia 25.

Muhula wa pili nilikuwa nasinzia nimekaa wima katika darasa la saa 4 asubuhi, na mtihani wa kati wa fizikia nikaambulia 51. Hata hivyo sikuacha kazi, bali niliomba kuhamishiwa zamu za jioni za Ijumaa na Jumamosi. Saa zilibaki zilezile, mshahara uleule, lakini alama zilipanda. Usisahau pia kwamba kwetu kila zamu ilikuwa na mlo wa bure, na kwa mtu anayejilisha mwenyewe kama wewe, huo ni mshahara usioandikwa kwenye hundi.

KaraniWaRafu
Nakubaliana na dada BintiSahani, ila naomba nami niiseme maktaba kwa haki, maana watu huisifu kupita kiasi. Wanaodai kwamba unalipwa huku ukijisomea wanasema nusu ya kweli. Kwenye dawati letu, baada ya saa 3 usiku, katika majuma ya kawaida, unaweza kumaliza hata seti nzima ya maswali ya hesabu, ukikatizwa tu na mtu anayerudisha kitabu au kuuliza choo kilipo. Mitihani ikikaribia, mambo hugeuka: maktaba hujaa hadi usiku wa manane, kila mmoja anataka kuazima kompyuta au chaja, na wewe mwenye mtihani kesho yake ndiye unayewahudumia wasomaji wenzako. Ukipangiwa kurudisha vitabu rafuni, husomi chochote isipokuwa namba za migongoni mwa vitabu.

Faida yake halisi ni kubadilishana zamu. Msimamizi wetu alitaka ratiba ya mitihani mwanzoni mwa muhula, na aliyeomba mapema alipunguziwa saa bila maneno. Kabla hujasaini popote, uliza jambo hilo kwanza, kisha ndipo uulize mshahara.

HesabuKwanza
Nimefanya kazi katika ofisi ya mishahara ya chuo, na yapo mambo ambayo hayategemei huruma ya msimamizi. Kwa mwenye F-1, kikomo ni saa 20 kwa juma wakati wa masomo, na hizo ni jumla ya kazi zote za kampasi. Kazi mbili hazikupi 40. Kazi ya nje ya kampasi bila kibali, hata ya kulipwa taslimu jikoni kwa rafiki, inaweza kukuvunjia hadhi ya viza. Tena usiwaze kwamba masomo yakikuelemea utaacha somo moja tu: mwanafunzi wa shahada ya kwanza hatakiwi kushuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kwa krediti zako 15 una nafasi ya kuacha somo moja la krediti 3, basi.

Kuhusu makato, mwanafunzi wa F-1 ambaye bado si mkazi kwa sheria ya kodi, kwa kawaida katika miaka 5 ya kalenda ya mwanzo, hakatwi asilimia 6.2 ya hifadhi ya jamii wala asilimia 1.45 ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Nimeona hundi nyingi zilizokatwa kimakosa, kwa hiyo isome ya kwanza kwa makini. Kodi ya mapato ya serikali kuu utalipa, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani.

Halafu piga hesabu hii: kanuni ya vyuo vingi ni saa 2 za kujisomea kwa kila saa ya darasa. Krediti moja ni takriban saa moja ya darasa kwa juma, kwa hiyo krediti 15 pamoja na kujisomea ni saa 45. Ongeza zile 25 za BintiSahani, unafika 70, na hujafua hata soksi.

KakaNyarugusu
Hali yangu ni tofauti, na nisingependa ikupotoshe. Nilikulia kambini Kigoma, nikaja Marekani kama mkimbizi, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia katika mpango wa kazi na masomo wa serikali kuu, unaosaidia kuwalipa wanafunzi wahitaji wanaofanya kazi, ambao ninyi wa F-1 hamumo. Una ukomo wake: kiasi ulichopangiwa kwa mwaka kikiisha, kazi nayo inaweza kuishia hapo.

Bweni, hata hivyo, nalijua. Chumba na chakula vilikuwa bure, na kwa wengi hilo linashinda mshahara wowote. Lakini kwa kuwa chumba chako kimeshalipwa na ufadhili, waulize wafadhili kwanza kama watakuachia fedha hiyo au wataipunguza, maana unaweza kufanya kazi mwaka mzima ukiokoa fedha ya mtu mwingine. Tena kazi ile haina saa. Kengele ya moto ililia saa 9 usiku kwa sababu ya bisi zilizoungua, nikasimama kwenye theluji na kandambili nikihesabu watu 40, na saa 2 asubuhi nilikuwa na mtihani.

MtotoWaPangani
Nawashukuru sana. Nimeongea na maktaba, na wamekubali Alhamisi iwe huru. Nafikiria kuchukua saa zao 10 na kuongeza zamu moja ya bwalo ya saa 4 Jumamosi jioni, jumla saa 14 na dola 176. Likizo ya Desemba, ninaporuhusiwa kuzidisha saa 20, nitafidia.

HesabuKwanza
Likizo uliza mapema, kwa sababu mabwalo mengi hufungwa wanafunzi wakiondoka. Sheria itakuruhusu, lakini hapatakuwa na wa kumpikia. Fedha ya kweli ni ya kiangazi.

BintiSahani
Na hiyo Jumamosi, omba kaunta ya saladi. Pale hutahitaji kuoga mara mbili.